Gurudumu Lililokataa Rangi

Pombe sinywi, bangi sijawahi kuigusa, na asubuhi ile nilikuwa nimekunywa chai na mkate kama mtu yeyote anayekwenda kazini. Naanza na hilo kwa sababu nawajua watu. Nikifika katikati ya habari hii, kuna mmoja atamtazama mwenzake na kumkonyeza. Konyezeni tu. Yaliyonipata yalinipata mchana, mbele ya uwanja mzima wa mafundi, na wengine kati yao wangali hai. Waulizeni.

Ilikuwa miaka ya sabini. Nilikaa Lindi, mtaa wa kule Kibera, Nairobi, chumba cha kupanga, na kazi yangu ilikuwa Kawangware kwenye uwanja wa mafundi wa magari. Mume wangu ndiye aliyekuwa mpiga rangi pale. Kifua kikamshinda, maana rangi ile ukiivuta kwa miaka inakaa ndani, akarudi Butere kupumzika pamoja na watoto. Mimi nilikuwa nimempigia msasa magari yake tangu tuoane. Niliijua kazi yote isipokuwa kushika bunduki ya rangi, na sikuishika kwa sababu hakuna aliyenipa, si kwa sababu nyingine. Basi nikamwendea Okelo, mwenye uwanja, nikamwomba hiyo bunduki.

Okelo alikuwa mtu wa ziwani, mkubwa wa mwili na mzito wa kuamua. Alicheka mpaka akajishika kiuno.

"Mama, mwanamke anapiga msasa. Spray ni kazi ya mwanaume."

"Nani alisema?"

"Hakuna mtu alisema. Ndiyo iko hivyo."

"Basi kama hakuna mtu alisema, nipe."

Alikuna kichwa. Hakuwa mtu mbaya, nataka mjue hivyo. Akaniambia, "Kuna gari ya Zablon inakuja. Hiyo gari ya harusi. Mimi nitashughulika na body, wewe chukua magurudumu, yote nne, kutoka kutu mpaka rangi ya mwisho. Ukiyatoa sawa, gun ni yako na sitasema kitu tena. Ukiharibu, gun inaenda kwa Wafula, na wewe unarudi kwa msasa mpaka uzeeke."

Wafula alikuwa ameketi juu ya injini akila muhogo. Akanitazama akatabasamu, na tabasamu lile ndilo lililonifanya niseme sawa kabla sijafikiri.

Gari lenyewe lilikuwa la Kiingereza, la zamani, jeusi, lenye mgongo wa mviringo na taa kubwa za mbele zilizokaa nje. Magari ya namna ile yalikuwa yameanza kuwa machache mjini, na watu walisimama kuliangalia. Zablon, mtu wa Khwisero, jirani na kwetu Butere, alikuwa akioa Jumamosi na alitaka kumbeba bibi harusi ndani yake. Lilikuwa gari la kaka yake, Nashon, aliyekuwa dereva wa Mzungu mmoja. Uhuru ulipokuja Mzungu akarudi kwao, akamwachia Nashon gari. Miaka michache baadaye Nashon akafa ndani yake kwa ajali, kwenye mteremko wa Ngong Road. Zablon akalivuta, akalirekebisha kidogo, kisha akalifunika turubai nyuma ya nyumba yake Kawangware 46, hana moyo wa kuliuza wala wa kuliendesha. Mambo ya ajali aliyataja kwa haraka na macho yake yakaenda kwingine, nami sikumchimba.

Nikaanza kazi. Nikatoa tairi, nikabaki na vyuma vitupu, rimu kama tunavyoziita, nikavisugua kwa brashi ya waya, kisha msasa na maji. Ukisugua gurudumu la zamani unasoma maisha yake. Juu palikuwa na rangi ya fedha, chini yake nyeusi, na chini kabisa krimu nzuri kama maziwa yenye malai, na ukingoni mstari mwembamba mwekundu uliochorwa kwa mkono. Mstari ule ulinishika moyo. Mtu aliyeuchora hakutetemeka hata mahali pamoja.

Nikamwita Zablon aje aone. Akapiga magoti pale kwenye matope na suruali yake ya kazi.

"Huyu ni Nashon," akasema. "Kila Krismasi kabla ya kwenda nyumbani alikuwa anapaka upya. Hiyo line alikuwa anachora na manyoya ya kuku."

"Basi tutarudisha hivyo hivyo," nikamwambia. "Krimu na nyekundu."

Alifurahi mpaka akanishika mikono yote miwili. Magurudumu matatu yalikuwa na krimu ile na mstari ule. La nne halikuwa nalo. Lilikuwa na rangi nyeusi tu juu ya chuma. Nikafikiri labda liliwahi kuchubuliwa, nikaendelea.

Jumatano nikayapanga mbele ya ua wa mabati na kuwasha kompresa, ile ya petroli iliyokuwa ikikohoa kuliko mume wangu. Niamini, mkono wangu haukucheza. Matatu yalitoka laini, ungeweza kujitazama humo. Okelo alipita akasimama, akaguna kwa namna ya kukubali. La nne nalo lilitoka laini, likakaa muda wa kunywa kikombe cha chai, kisha likaanza kufanya malengelenge. Malengelenge, kama mkono uliomwagikiwa na uji wa moto. Rangi ikajikunja ikaanguka yenyewe chini.

Nikasema ni mafuta. Nikaosha kwa thina, nikasugua upya, nikalikausha karibu na jiko, nikapiga tena. Malengelenge. Nikasema ni baridi ya Julai na ukungu. Lakini yale mengine matatu hayakuwa kwenye Julai hiyo hiyo? Wafula akatoa muhogo mdomoni akasema, "Hata rimu inajua mwanaume ni nani." Watu wakacheka. Mimi sikucheka. Nilirudi Lindi jioni ile kwa miguu nikiwa na hasira hata sikumsalimu jirani.

Alhamisi nilifika uwanjani kabla ya wote. Ukungu ulikuwa umelala chini, matope ya mvua ya usiku yalikuwa mpaka kwenye kifundo cha mguu. Nikaliweka lile gurudumu pekee mbele ya upande mwingine wa mabati, ambao haukuwa na tone la krimu, nikaanza kulichubua upya. Nikasikia mtu amenisalimu nyuma yangu.

"Mulembe, dada."

Ukiwa Nairobi na mtu akakusalimu kwa Kiluhya cha kwenu, unafunguka kabla hujamtazama. Nikaitikia, nikageuka. Alikuwa mwanaume wa makamo, koti la kaki lenye vifungo vya shaba, kofia ya dereva imeinamia sikio la kushoto, viatu vyeusi vinang'aa. Vinang'aa, nasema, na mimi nilikuwa nimezama kwenye matope. Kwa nini sikushangaa? Nimejiuliza swali hilo maisha yangu yote. Nadhani mtu mwenye shida yake haoni ya mwenzake.

"Hiyo inakusumbua," akasema.

"Imenichokesha. Leo ikikataa tena, nimemaliza."

"Si makosa yako. Hiyo si ya hii gari. Chukua spana, gonga hizo tatu, kisha gonga hiyo."

Nikagonga. Matatu yakalia sauti moja, ndefu na safi. La nne likasema dwa, likanyamaza.

"Umeona. Yake iko Kibera, kule Soweto, kanisani. Wameifunga kwa mti, wanaipiga kila Jumapili. Nikisikia sauti yake nakuja, nakuta watu wanaomba. Sasa mimi nitasema nini katikati ya maombi ya watu?"

Nikaanza kumwangalia vizuri. Nikasema moyoni, huyu baba ana kitu kichwani, maskini, na bado anavaa vizuri hivi. Kwa sababu kanisa hilo nalijua. Ni kanisa langu. Kengele yake ni gurudumu kuukuu lililofungwa kwa mnyororo kwenye mkaratusi, kama makanisa na mashule mengi yanavyofanya, na nimeitwa nalo kwenye ibada mara zisizo na hesabu.

"Wewe ni nani wa Zablon?" nikamuuliza.

Akaenda akasimama kwenye mabati, mikono nyuma, kama dereva anayemngoja mkubwa wake.

"Waliniita pale barabarani," akasema. "Walikuja na kitambaa, wakachota udongo, wakaniita jina vizuri kabisa. Lakini mimi sikuwa hapo. Nilikuwa nimefuata gurudumu."

Wewe unayenisikiliza labda umekwisha kuelewa. Mimi sikuelewa. Nilikuwa na kazi moja kichwani, na Okelo angefika wakati wowote. Nikawasha kompresa. Nikamwambia, "Baba, ondoka hapo kwa mabati, utapakwa rangi."

"Haitanipata," akasema.

Basi shauri yako, nikasema, nikapiga. Sasa ngoja niwaeleze jambo ambalo kila mpiga rangi analijua. Rangi ya bunduki haiendi mahali pamoja. Inatoka kama moshi, na inayokosa chuma inakwenda mbele mpaka ipate kitu. Inakaa kwenye nyusi zako, kwenye chai yako, kwenye kuku wa jirani. Kuku akisimama mbele ya ukuta wakati unapiga, ukimfukuza utaona umbo la kuku kwenye ukuta, mahali ambapo rangi haikufika. Mtu hali kadhalika. Hakuna namna ya kuepuka.

Nilipiga duru nzima, nikashusha bunduki, nikainua macho. Hakuwepo. Na mabati yote nyuma ya gurudumu yalikuwa krimu, juu mpaka chini, upande hadi upande, bila pengo lolote. Alikuwa amesimama pale tangu mwanzo, nilikuwa nikiiona kofia yake kwa pembe ya jicho wakati wote, na rangi ilikuwa imepita.

Nilikaa chini kwenye matope. Gurudumu mbele yangu likaanza malengelenge.

Okelo aliponikuta pale aliniuliza kama naumwa. Nikamwambia siumwi, nataka ruhusa ya kwenda Kibera na nitarudi na gurudumu jingine. Akafungua mdomo kunikatalia, akaniona uso, akaufunga. "Kesho mchana," akasema. "Zaidi ya hapo ni Wafula."

Nikalibeba lile gurudumu baya kichwani, nikavuka Ngong Road, nikateremka mpaka Soweto. Kila hatua nilikuwa nikijiambia kwamba nimechanganyikiwa. Kanisani nilimkuta Mama Rispa akifagia. Mama Rispa ndiye mpiga kengele, mama Mjaluo mwembamba mwenye sauti kali, mtu ambaye hata mchungaji hamkatizi. Nikauweka mzigo chini, nikamwambia nataka kuiangalia kengele.

"Kengele imekukosea nini?"

"Nataka kukwangua kidogo tu, mama."

Aliniruhusu huku akinitazama kama mwizi. Upande wa nje ilikuwa kutu na masizi. Nikaingiza mkono upande wa ndani, mahali mvua haifiki, nikakwangua kwa ncha ya kisu. Masizi meusi yakatoka. Chini yake ikaja krimu. Nikakwangua ukingoni, taratibu sana, na ukaja mstari mwekundu, mwembamba, umenyooka.

Nililia. Sioni haya kusema. Nilikuwa na hofu na furaha kwa pamoja na sikujua kipi kinatoa machozi.

Mama Rispa akaweka ufagio chini. "Sema," akasema.

Nikamwambia yote. Nilitegemea anifukuze au aniombee. Badala yake akaketi kwenye kizingiti.

"Unajua hii kitu ilikujaje hapa?" akaniuliza. "Hatukununua. Hatukuokota. Miaka hiyo kanisa lilikuwa jipya, la matope, hata mlango hatukuwa nao. Tulikuwa tumepiga magoti tunaomba Mungu atupe kengele. Mvua inanyesha. Gurudumu likaingia. Lilikuja likizunguka lenyewe kutoka huko juu, likapita katikati ya watu, likagonga madhabahu, likalala. Tuliimba mpaka sauti zikaisha. Sasa wewe unakuja kuniambia hii ni spea ya gari."

"Ya dereva, mama. Mtu wa Khwisero."

"Alivaa nini?"

"Koti la kaki. Kofia imelala upande huu. Viatu vinang'aa."

Mama Rispa akageuka kuutazama mlango wa kanisa. Kisha akasema kwa sauti ya chini, "Huyo huja kila Jumapili. Anasimama mlangoni, hakanyagi ndani. Nikimpelekea kikapu cha sadaka anakataa kwa mkono, kwa heshima. Nimekuwa nikisema ni mtu wa dini nyingine, ana haya."

Akainuka. Halafu akaingia ndani akatoka na nyundo, akaanza kupiga ile kufuli ya mnyororo iliyokuwa imeshikana kwa kutu. Alikuwa akipiga huku analalamika, kwamba ataambia nini watu Jumapili, kwamba Mungu akitoa hachukui, kwamba labda hakutoa, alituwekea tu mali ya watu tuitunze. Nikamwambia nimemletea jingine. Akaligonga kwa nyundo. Dwa.

"Hii ina sauti ya sufuria," akasema. Lakini akalifunga.

Asubuhi ya Ijumaa nilimwita Zablon uwanjani mapema. Sikujua nianzie wapi, basi nikamwonyesha tu mstari mwekundu wa lile gurudumu la kanisani. Akaupitishia kidole mwanzo mpaka mwisho. Kisha akanieleza lile alilolipita haraka mara ya kwanza. Siku ya ajali gurudumu la mbele lilichomoka, likaenda zake kwenye mteremko, wakalitafuta wasilipate, akanunua jingine kwa vyuma vikuukuu. Wazee walikuja kutoka nyumbani kumchukua Nashon. Kwetu, mtu akifia barabarani, watu wake huenda mahali pale pale, wakamwita jina, wakachota udongo wa hapo na kuubeba mpaka nyumbani, ili asibaki akizunguka kwenye lami ya watu. Waliyafanya yote kama inavyotakiwa. Lakini mama yao hakupata usingizi tangu siku ile. Kila akilala anamwona Nashon barabarani anakimbia, na hajui anakimbiza nini.

Nikamwambia maneno niliyoambiwa. Mimi sikuwa hapo, nilikuwa nimefuata gurudumu.

Zablon alishika kichwa. "Tulimwita mahali pa gari," akasema. "Hakuna mtu alifikiria mahali pa gurudumu."

Kufikia hapo mafundi wote walikuwa wamesogea, Wafula pia, muhogo umesahauliwa mkononi. Zablon akachuchumaa mbele ya lile gurudumu, akaweka kiganja juu ya chuma, akaanza kuzungumza nalo kwa lugha ya kwetu. Hakupiga kelele. Alimwita Nashon kwa jina la babu yao, akamwambia samahani tumekawia, mama anakungoja, kesho naoa, panda gari twende. Okelo alivua kofia. Ni Mjaluo, mambo hayo kwao wanayajua pia.

Kisha wakanipisha. Nikalisugua gurudumu mpaka likabaki chuma cheupe. Mabati ya nyuma nilikuwa nimeyapaka nyeusi jana yake nilipotoka Kibera, kuficha ile krimu, maana sikuweza kuitazama. Nikawasha kompresa, nikapiga. Mara ya kwanza, nyepesi. Mara ya pili. Nilipomaliza nilishusha mkono nikaanza kungoja, na nawaambieni, sijawahi kungoja hata mtoto kuzaliwa namna ile.

Rangi ikakaa. Chai ikapikwa, ikanywewa, rangi imekaa. Okelo akainama akaitazama kwa karibu, pua yake karibu iguse, akasema, "Hii ni kioo."

Wafula ndiye aliyeona kwanza. Alinyoosha kidole kwenye mabati. Juu ya ile rangi nyeusi, krimu ilikuwa imetapakaa kila mahali isipokuwa katikati. Pale katikati palikuwa na umbo la mtu amesimama, mikono nyuma, koti limefika magotini, na juu ya kichwa kofia imeinamia sikio la kushoto. Nyeusi tupu, kingo safi. Rangi ilikuwa imemgonga ikasimama. Na mbele ya mabati yale, asubuhi yote, hakuna mtu aliyekuwa amesimama.

Hebu niambie wewe unayekonyeza, ungesema nini?

Zablon alitembea mpaka pale. Alikuwa akilia na kucheka. "Sasa umefika," akasema. "Sasa umefika, ndugu yangu." Akamwomba Okelo bati lile. Okelo akalalamika kwamba ua wake utabaki na shimo na mbwa wataingia, na huku analalamika tayari anang'oa misumari kwa mikono yake.

Mchana ule nilichora mstari mwekundu kwenye magurudumu yote manne. Nilitumia manyoya ya kuku. Sikutetemeka hata mahali pamoja, na siyo kwamba najisifu, ingawa najisifu.

Jumamosi gari lile lilipita Kawangware yote likiwa na maua mbele. Bila kuitwa, kila mtu alitoka nje. Wanawake walipiga vigelegele kwa bibi harusi, na mimi nikajua vingine ni vya magurudumu yangu, kwa sababu watu walikuwa wakiangalia chini. Zablon aliendesha mwenyewe. Aliniambia baadaye kwamba usukani ulikuwa mwepesi, kwamba kila kona gari lilikuwa limekwisha kujua. Siku chache baada ya harusi akalifunga lile bati juu ya paa kwa kamba, amelifunika shuka jeupe, akaenda nalo mpaka Khwisero, akizungumza nalo njia nzima, akilitajia kila mji wanaoupita. Walilizika kwa heshima zote. Mama yao alilala usiku ule mpaka jua likamkuta kitandani, na wakwe zake wakaingia kwa hofu wakidhani amekufa. Alikuwa anakoroma.

Na bunduki? Okelo alinikabidhi Jumatatu asubuhi mbele ya wote. Hakutoa hotuba. Aliiweka mkononi mwangu akasema, "Mama, kuna lori inangoja." Nilimtumia mume wangu salamu Butere kwamba kazi yake haijapotea, iko kwa mkewe. Nikapiga rangi kwa Okelo miaka mingi, kisha nikawa na uwanja wangu mwenyewe, na waliotangulia kunicheka waliniletea magari yao na kupanga foleni. Wafula akawa fundi wangu. Ni fundi mzuri, na hajawahi tena kuniambia rimu inajua nini. Mama Rispa naye hajanisamehe mpaka kesho. Kila Jumapili akimaliza kupiga ile kengele hunitafuta kwa macho na kutamka kwa midomo tu: sufuria.

Lakini nina jambo nililobaki nalo, na ndilo lililonifanya niwaeleze haya. Siwezi tena kupita mahali pa ajali nikaona vipande vimesukumwa pembeni nikaendelea na safari. Nasimama, naangalia kote, hata bondeni. Watu wangu wananiona kichaa.

Wewe pia, kama kwenu kuna mtu aliyekwenda na barabara, na mlimwita, mkarudi mkalala mkijua amefika, hebu wakalishe watu wako uwaulize: siku ile kitu gani hakikupatikana? Kiatu? Kofia? Kilichoruka kikaenda zake na mkasema kiache, ni kitu tu? Kitafuteni. Msione aibu kuuliza kwenye nyumba za watu msiowajua. Mtu anaweza kukifuata kitu chake mbali sana, na akakaa huko miaka, mpole, hamsumbui mtu, akingoja tu mmoja amuulize anatafuta nini.